Darubini ya Milimita 70 kwa Jicho la Mtu Mzima: Tathmini Kutoka Mikindani

Darubini ninayoitathmini hapa ni ile ndogo ya lenzi, yenye kioo cha mbele cha kipenyo cha milimita 70 na umbali wa fokasi (yaani kutoka kioo hicho hadi mahali mwanga unapokutana) wa milimita 700, inayokaa juu ya stendi ya miguu mitatu na kugeuzwa kwa mkono. Inauzwa kwa majina mengi ilhali kilichomo ndani ni kilekile, kwa hiyo nitaieleza kwa vipimo vyake na kuliacha jina lililobandikwa ubavuni. Yangu niliiagiza kwa muuzaji wa Kariakoo, ikaletwa Mtwara kwa basi, na gharama yote pamoja na nauli ya mzigo haikufika shilingi laki nne na nusu. Nimeitumia nyumbani kwangu Mikindani tangu kusi ilipoanza kuvuma na kulisafisha anga, na sasa nina ya kutosha ya kusema.

Nimesoma tathmini kadhaa za darubini za aina hii, na karibu zote zimeandikwa kumshauri mzazi anayemnunulia mtoto zawadi. Mimi ni muuguzi mstaafu mwenye wajukuu, na ninawaandikia watu wa rika langu ambao tangu utotoni wamezipenda habari za binadamu kusafiri kwenda anga za juu, wakazeeka huku mapenzi hayo yakiwa bado mabichi. Mtu wa namna hiyo anataka kujua jambo moja: je, chombo hiki kitamwezesha kuona kwa jicho lake mwenyewe mahali ambapo watu wamefika, na mahali wanapoishi sasa huko juu, ilhali mgongo, magoti na macho yake si vya ujanani tena? Jibu langu ni ndiyo, tena kwa furaha, lakini yapo masharti, na masharti hayo hayakuandikwa kwenye kijitabu cha maelekezo.

Ndani ya boksi mna bomba la darubini, stendi ya alumini, kilenga chenye nukta nyekundu, lenzi mbili za jicho, yaani zile za kutazamia, za milimita 20 na milimita 4, lenzi ya kuongeza ukuzaji mara tatu, na kiwiko chenye kioo kinachougeuza mwanga ili mtazamaji asilazimike kulala chini. Ukuzaji hupatikana kwa kuugawa umbali wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho, hivyo lenzi ya milimita 20 inakuza mara 35 na ile ya milimita 4 inakuza mara 175. Juu ya boksi, hata hivyo, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba darubini inakuza mara 525. Waliofika hapo wamezidisha 175 kwa tatu, na kuzidisha kwao hakuna kosa. Ila kioo cha milimita 70 hakikusanyi mwanga wa kutosha wala hakitenganishi mambo madogo kiasi cha kuustahimili ukuzaji huo, na kikomo cha busara kwa kioo cha ukubwa huu ni karibu mara 140. Zaidi ya hapo unaukuza ukungu tu. Jambo hili linaniudhi kwa dhati, kwa sababu mzee asiye na uzoefu akianza na mara 525 atauona Mwezi kama doa la maziwa linalotetemeka, atadhani macho yake ndiyo yamekwisha, na darubini itaishia uvunguni. Lenzi ya milimita 4 na ile ya kuongeza ukuzaji zibaki ndani ya boksi. Badala yake nunua lenzi ya jicho ya milimita 10, inayokuza mara 70. Hiyo pamoja na ile ya milimita 20 zinatosha kwa kila jambo nitakalolieleza hapa.

Sharti la pili linatokana na mahali tulipo. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo Mwezi ukifika kilele cha safari yake haushuki kamwe chini ya nyuzi 50 kutoka upeo wa macho, na mara nyingi unapita karibu na utosi. Watu wa nchi za kaskazini ya mbali wanaweza kuielekeza darubini mbele yao na kuketi kwa raha. Huku kwetu bomba linasimama wima, ncha yake ya chini inagonga miguu ya stendi, na kilenga kinakuwa mahali ambapo shingo ya mtu aliyevuka miaka sitini haifiki. Hapo ndipo kiwiko kinapokuwa na thamani kuliko kioo cha mbele. Baadhi ya darubini za vipimo hivi huja na kiwiko cha nyuzi 45, ambacho kimekusudiwa kutazamia ndege na majahazi wakati wa mchana. Ukikitumia kwa Mwezi ulio utosini itakubidi upige magoti chini na kuikunja shingo kwa maumivu. Kiwiko cha nyuzi 90 kinakuruhusu kuketi kwenye kiti na kuinamisha kichwa kidogo tu. Yangu ilikuja na cha nyuzi 90, na bila hicho tathmini hii ingekuwa ya namna nyingine.

Njia nyingine ya kulitatua tatizo hilo ni kuchagua saa. Mwezi mchanga wa siku tano au sita unakuwa juu sana wakati wa magharibi, lakini ikifika saa mbili au saa tatu usiku umeteremka upande wa machweo hadi kimo ambacho darubini na shingo vinapatana. Stendi nayo ni nyepesi mno, na upepo wa baharini unaitikisa. Kiroba kidogo cha mchanga wa pwani, kikining'inizwa katikati ya miguu mitatu, kinaituliza kabisa. Usiirefushe miguu ya stendi. Fundi seremala wa mtaani kwetu alinitengenezea stuli yenye vikalio viwili vya vimo tofauti, na tangu siku hiyo naweza kutazama saa nzima bila mgongo kulalamika.

Kuhusu jicho lenyewe nitasema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ni jambo ninalolifahamu kwa kazi yangu na kwa kuwa wazee wengi hukata tamaa mapema bila sababu. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita saba hivi, na ya mtu wa miaka sitini au sabini mara nyingi haivuki tano. Darubini ya macho mawili ya mabaharia, ile inayokuza mara 7 kwa vioo vya milimita 50, hutoa mwali wa mwanga wenye upana wa milimita saba, kwa hiyo jicho la mzee linapokea sehemu tu ya mwanga ulionunuliwa na mwingine unaangukia pembeni ya mboni. Darubini hii ya milimita 70, ikikuza mara 35, hutoa mwali wa milimita mbili tu. Mwali huo unaingia wote kwenye mboni ya babu na ya mjukuu kwa usawa. Zaidi ya hayo, mwali mwembamba unapita katikati ya jicho, mahali ambapo kasoro za umbo la jicho hazisumbui sana, na kutoona mbali au karibu kunarekebishwa kwa kuzungusha kitufe cha fokasi, hivyo walio wengi wanaweza kuivua miwani kabisa. Kwa kipimo hiki darubini ndogo imemtendea haki mtu mzima kuliko nilivyotarajia.

Sasa nije kwenye Mwezi, ambao ndio sababu kubwa ya mpenzi wa safari za binadamu kununua chombo hiki. Kati ya mwaka 1969 na 1972 watu 12 walitembea juu yake, katika sehemu sita, zote zikiwa upande unaotutazama sisi. Kila jirani anayeinama kwenye lenzi huuliza swali lilelile. Mvuvi mmoja wa hapa Mikindani aliniuliza kwa adabu kabisa, "Bibi, bendera iko upande gani?" Ikanibidi nimweleze kwamba kitu kidogo kabisa ambacho kioo cha milimita 70 kinaweza kukitenga juu ya Mwezi kina upana wa karibu kilomita tatu, ilhali sehemu ya chombo iliyoachwa pale na wanaanga ina upana wa mita chache tu. Hata darubini kubwa kuliko zote zilizoko duniani haziwezi kukionyesha. Picha zinazoonyesha vyombo hivyo na vijia vya nyayo zilipigwa na chombo kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter, kilichorushwa mwaka 2009 na kinachouzunguka Mwezi kwa karibu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi nionyeshe mahali tu, inatosha." Na kwa kuonyesha mahali, darubini hii haina mfano kwa bei yake.

Usitazame Mwezi mpevu. Mwezi wa tarehe kumi na nne una mwanga unaopiga kutoka mbele, vivuli vimetoweka, na uso wake unaonekana bapa. Subiri mwezi wa siku tano au sita, jambo ambalo kwa watu wa pwani halihitaji kalenda ya ukutani. Kwenye mpaka wa mwanga na giza utaona shimo kubwa la duara liitwalo Theophilus, lenye upana wa karibu kilomita 100, na katikati yake mlima unaopokea jua huku sakafu ikiwa bado gizani. Kwa mara 70 kivuli cha ukingo wake kinaonekana kimekatwa kwa wembe. Kutoka hapo nenda kaskazini umbali wa kama mara tatu na nusu ya upana wa shimo hilo, utafika kwenye tambarare ya kijivu, ukingo wa kusini-magharibi wa Bahari ya Utulivu. Hapo ndipo Neil Armstrong na Buzz Aldrin walipotua. Hakuna alama yoyote, ila yako mashimo matatu madogo yaliyopewa majina ya Armstrong, Aldrin na mwenzao Collins, aliyebaki akiuzunguka Mwezi, na kubwa kuliko yote, la Armstrong, lina upana wa kilomita 4.6, ambao ni mpaka wa uwezo wa kioo hiki. Mimi bado sijaliona kwa uhakika.

Hapa kuna jambo la kiufundi linalowachanganya wengi. Kiwiko cha nyuzi 90 kinageuza kushoto kuwa kulia, na ramani iliyomo kwenye kijitabu haijageuzwa. Isitoshe, ramani hizo zimechorwa kwa mtu aliyesimama kaskazini ya mbali, ambaye Mwezi kwake husimama wima, ilhali kwetu mwezi mwandamo hulala chali. Mjukuu wangu aliichukua picha ya ramani kwenye simu, akaigeuza, akaichapisha steshenari mjini kwa karatasi kubwa na kuibandika kwenye kipande cha plaiwudi. Sasa ninaizungusha ramani hadi ilingane na ninachokiona, na baada ya hapo majina yanakuja yenyewe. Katika siku ya saba au ya nane tunakwenda kwenye safu ya milima ya Apenini, ambayo vilele vyake vinazidi mita 4,000, na chini yake ndipo David Scott na James Irwin walipoendesha gari la kwanza kupandwa na watu Mwezini, mwaka 1971. Kwenye ukingo kati ya Bahari ya Utulivu na Bahari ya Ung'avu walikaa Eugene Cernan na Harrison Schmitt kwa siku tatu, mwezi Desemba 1972. Baada yao dunia iliingia katika ukimya mrefu.

Ukimya huo ndio unaonigusa kuliko yote ninapotazama. Armstrong alipoweka mguu chini, saa za kwetu zilikuwa saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri ya Jumatatu, tarehe 21 Julai 1969, Mwezi ukiwa umeshazama na waumini wakiwa njiani kurudi kutoka msikitini. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na habari ilitufikia kwa redio ya betri ya baba. Niliamini, kama watoto wengi walivyoamini, kwamba nikifika utu uzima watu watakuwa wakiishi huko kama wanavyoishi Lindi au Masasi. Badala yake nilisomea uuguzi, nikaolewa, nikazalisha wanawake wengi, nikazika wazazi na kisha mume, nikastaafu, na muda huo wote hakuna binadamu aliyetua tena Mwezini. Sababu haikuwa kukosekana kwa maarifa. Mwaka 1966 shirika la anga la NASA lilikuwa likipewa zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali kuu ya Marekani, kwa kuwa taifa hilo lilikuwa katika mashindano na Urusi ya Kisovieti. Upande mmoja ulipoyashinda mashindano hayo, fedha zikapungua, na katika miaka ya karibuni hazifiki hata nusu ya asilimia moja. Armstrong alifariki mwaka 2012, Cernan 2017, Collins 2021. Naona uchungu kila nikiikumbuka orodha hiyo, na siuonei haya.

Kwa hiyo niliposikia kwamba mwezi Novemba 2022 chombo kisicho na watu kimerushwa tena kuuzunguka Mwezi chini ya Artemis, mpango wa NASA wa kuwarudisha watu Mwezini, na kwamba mwezi Aprili 2023 wametajwa Reid Wiseman, Victor Glover, Christina Koch na Jeremy Hansen kuwa watu watakaoufuata mkondo huo, niliwafundisha wajukuu majina hayo manne kwa kichwa. Glover ni mtu mweusi wa kwanza kupangiwa safari ya Mwezi, na Koch ni mwanamke wa kwanza. Tarehe ya kutua imekuwa ikisogezwa mbele mara kwa mara, na mtu wa umri wangu huihesabu kila sogeo. Lakini tofauti ya kufuatilia habari hizo ukiwa na darubini uani ni kubwa: kusini mwa Mwezi, kule kunakokusudiwa kutuliwa, ninakujua. Nimeyaona mashimo yake yaliyobanana na vivuli vyake vinavyokaribia kutokwisha. Taarifa ya redioni inakuwa habari ya mahali ninapopafahamu.

Kituo cha Kimataifa cha Anga ni suala jingine, na hapa niwe mkweli kwamba darubini si chombo kinachokifaa zaidi. Kituo hicho kinapita kwenye kimo cha karibu kilomita 400 kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa, na kukiona unahitaji macho mawili, ua lisilo na taa, na kujua saa. NASA wana huduma ya bure kwenye intaneti na kwenye simu inayotaja siku, saa na upande kitakapotokea kwa mahali ulipo, nami naipa huduma hiyo alama zote. Hutokea upande wa magharibi, kikavuka anga bila kumweta, hukaa dakika chache, kisha hufifia kinapoingia kwenye kivuli cha dunia. Tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijakosa watu ndani yake hata siku moja.

Ukitaka kukijaribu kwa darubini, weka lenzi ya milimita 20, legeza skrubu zote mbili za kichwa cha stendi, tanguliza bomba mbele ya njia yake na usubiri. Kikipita utosini kinavuka uwanja wa lenzi kwa muda wa sekunde moja hivi. Nilikiona: kiini cheupe kabisa, na kila upande wake mabapa mawili yenye rangi ya shaba, dhahiri kuliko nilivyodhani ingewezekana kwa kioo kidogo, kwa kuwa kituo kina upana wa zaidi ya mita 100 na kikiwa karibu huonekana kikubwa kuliko sayari ya Mshtarii. Mjukuu wangu wa kike, aliyepata zamu yake kituo kilipokuwa kikiteremka mashariki kwa mwendo wa pole zaidi, alipiga kelele, "Bibi, ina mabawa!" Mpango uliopo ni kukishusha kituo hicho baharini baada ya mwaka 2030, na mwaka 2024 kampuni ya SpaceX ilipewa kazi ya kutengeneza chombo cha kukishushia. Anayetaka kukiona asiahirishe.

Watu huniuliza kama kutazama hivi hakunipi huzuni, nikijua kwamba sitakwenda. Nawajibu kwa majina ya watu. John Glenn alirudi anga za juu mwaka 1998 akiwa na miaka 77, akakaa siku tisa ndani ya chombo cha Discovery akipimwa usingizi, misuli na mizani ya mwili. Huyo ndiye aliyeizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, na kituo kimojawapo kilichofuatilia chombo chake na kuzungumza naye kwa redio kilikuwa Unguja, kabla ya kufungwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Nashangaa kwamba vijana wetu wengi hawajawahi kuambiwa hilo shuleni. Wally Funk alifaulu vipimo vya afya vya wanaanga mwaka 1961, akakataliwa kwa kuwa mwanamke, na akapaa tarehe 20 Julai 2021 akiwa na miaka 82. Ed Dwight, rubani mweusi wa jeshi la anga la Marekani aliyeandaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kisha kuachwa, alipaa mwezi Mei 2024 akiwa na miaka 90. Safari zao hao wawili zilikuwa za dakika kama kumi tu, hadi kimo cha kilomita 100 hivi, na wako wanaozidharau. Mimi sizidharau hata kidogo. Mwanaanga Don Pettit naye alirejea kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga baada ya siku 220, akatua Kazakhstan tarehe 20 Aprili 2025, siku aliyotimiza miaka 70.

Najua vilevile, kwa taaluma yangu, gharama ya mwili. Mwanaanga asiye na uzito hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya uimara wa mfupa wa nyonga kwa mwezi mmoja, kiasi ambacho mzee wa duniani hukipoteza kwa mwaka au zaidi, ndiyo maana hufanya mazoezi saa mbili hivi kila siku. Nimewahudumia akina mama wengi waliovunjika nyonga kwa kuteleza uani, na najua mfupa uliopungua ulivyo. Hata hivyo, ningeitwa kesho ningekwenda.

Sayari nitazitaja kwa ufupi. Miezi minne ya Mshtarii inaonekana ikibadilishana nafasi kila usiku, na pete za Zohali zinaonekana kwa mara 70, ingawa kuna miaka ambayo hutugeukia kwa ukingo wake na kuwa nyembamba mno. Mirihi ni kiduara kidogo cha rangi ya machungwa, na hakikui hata ukikikodolea. Naamini watu watafika huko. Sina matumaini ya kuwapo, na nimewaachia wajukuu daftari la kuandika siku hiyo.

Utunzaji hapa pwani ni kazi halisi. Unyevu na chumvi vitazalisha kuvu juu ya kioo ndani ya msimu mmoja wa mvua usipojihadhari. Baada ya kutumia, acha kioo kikauke chenyewe kabla ya kukifunika, kisha weka darubini ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. Usikisugue kioo kwa kanga. Skrubu za stendi zipakwe mafuta kidogo ya cherehani, la sivyo zitashika kutu. Na jambo lisilo na mjadala: darubini isielekezwe kwenye jua hata kwa kufumba na kufumbua, wala isiachwe na watoto mchana, kwa sababu jicho linaungua bila maumivu na halirudi. Majirani walipoiomba kuutafutia mwezi mwandamo kabla ya Ramadhani, niliitoa nje baada ya jua kuzama kabisa, na si kabla.

Kuhusu muuzaji, boksi lilifika likiwa na nati moja ya kufungia trei ya stendi imepungua, na ujumbe wangu kwake ulijibiwa baada ya siku nyingi kwa kuniambia ninunue mwenyewe. Fundi baiskeli wa Mtwara mjini aliipata inayolingana kwa bei ndogo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji akutumie picha ya vitu vyote vikiwa vimepangwa nje ya boksi, na umuulize waziwazi kama kiwiko ni cha nyuzi 90. Akikujibu kwa kukusifia mara 525, tafuta mwingine.

Kwa mtu wa Mtwara au Lindi, wakati mzuri wa kuagiza ni mwezi wa Aprili, mvua zinapoelekea ukingoni, ili darubini iwe tayari anga likifunguka mwezi Mei. Majuma hayo ya kusubiri ayatumie kwenda kliniki ya macho. Darubini inarekebisha kutoona mbali na karibu, lakini haiwezi kurekebisha mtoto wa jicho, ambaye huutawanya mwanga na kuuzungushia Mwezi duara la ukungu ambalo hakuna lenzi itakayoliondoa. Upasuaji wake ni mfupi, unafanyika hata kwa watu wa miaka themanini, na anayehitaji afanyiwe kwanza kabla ya kulipia boksi.